Mkasi na Wasifu wa Marehemu

Mhariri alikata wasifu wa marehemu mkewe, na tangu siku ya maziko bintiye hakusema naye tena.

Wasifu aliuandika binti mwenyewe, akampa baba aupitishie macho, maana ndiyo kazi yake. Alikuwa na jarida la hadithi na mashairi, alilolihariri tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Waandishi walimwita Mkasi. Walitaniana kwamba ukimpelekea koti anakurudishia fulana, na kibaya zaidi, fulana yenyewe inakukaa. Wengi wenye majina makubwa walipitia chini ya kalamu yake, wakafundishwa kuishia mapema. Basi na wasifu akaushika vilevile. Akafuta mwisho wote, pale binti aliposimulia mama alivyokuwa akimsuka huku akimwimbia. Aliona kilio kimezidi. Binti akasoma kilichobaki, watu wakasifu. Toka hapo simu hapokei.

Nyumba ikapooza. Mhariri alichemsha chai ya watu wawili kwa mazoea, nusu akaimwaga. Ofisini walimjia wenye miswada, na mtu aliyeleta mswada hakuulizi kama umekula.

Jumamosi moja binti akaja kuchukua cherehani ya mama yake. Alimwamkia baba kama anavyomwamkia mwenye nyumba. Mhariri akaona akiondoka hivi hivi, basi tena. Akajikaza.

"Mwanangu, ile sehemu niliyoikata. Nisomee."

"Karatasi nilishaichana."

"Basi niambie kwa mdomo."

Binti akaitua cherehani. Akaanza huku anatazama dirishani: kitana, magoti ya mama, vidole vyenye harufu ya mafuta ya mashine, wimbo usiokuwa na mwisho. Mhariri machozi yakamlenga. Binti akaendelea hadi yasiyokuwa kwenye karatasi: hospitali, siku ile ya mwisho, yeye sasa akimsuka mama na kumwimbia wimbo uleule. Mama akafumbua macho. Hapo binti akakatisha kidogo, ajifute macho.

Mhariri mkono ulishainuka kama umeshika kalamu. Akasema kwa upole, akidhani anamsifu:

"Hapo. Hapo ndipo pa kuishia."

Binti akageuka, akamtazama.

"Kilichobaki kilikuwa chako, baba. Mama alinituma nikwambie."

"Alisemaje?"

"Si umesema niishie hapo?"

Akamsihi, akamfuata mpaka mlangoni, akambembeleza bintiye kwa kumwita "mama", kumwita "mwanangu". Binti akabeba cherehani yake akashuka ngazi, na mlango wa chini ukasikika ukifungwa.

Jarida liliendelea kutoka, safi, halina neno la ziada. Yeye alipoteza mke. Akapoteza binti, na wajukuu wawili waliozaliwa baadaye, wanaomjua kwa picha tu. Na neno la mwisho la mkewe, alilotumiwa yeye peke yake, hajalisikia mpaka leo.