Bibi Meno ya Chuma na Milingoti Yetu

Harusi ya binti yangu Nelly ilisimamishwa na mchawi niliyemtunga mimi mwenyewe, nikiwa dukani kwangu Makambako, mashine ya fotokopi imekwama karatasi. Msinicheke. Au chekeni tu, maana mimi nimecheka mpaka nimelia.

Naitwa Erica. Kazi yangu ni kutoa kopi za vyeti vya kuzaliwa na barua za kuomba kazi ambazo hazijibiwi. Wateja wakipungua naandika hadithi ya mfululizo na kuiweka mtandaoni, sehemu moja kila Jumamosi. Inaitwa Chuo cha Kipengere. Ni ya wachawi, lakini wachawi wangu hawapandi ungo, wamestaarabika: wanasafiri juu ya Fuso za mbao, wamejifunga mablanketi, na trafiki hawawaoni. Wasomaji walikuwa mia tatu, wengi wao ndugu zangu. Kulikuwa pia na mwinjilisti mmoja wa Kidugala ambaye kila Jumatatu alikuja kuichapisha kwangu kwa maandishi makubwa. Nilidhani ni ya mama yake.

Ndipo kwenye sehemu ya thelathini na moja nikamleta Bibi Meno ya Chuma. Ajuza mrefu, macho mekundu, akasimama juu ya kaburi bichi na kuwalaani kaka zake: "Mtapika, hamtashiba. Mtajenga, hamtakaa kwa raha. Na maji mtakunywa ya kuomba." Weee! Wasomaji wakafika elfu nne kwa wiki moja. Nikaanza kutembea Makambako nikijiona mwandishi.

Tatizo ni kwamba maneno yale sikuyatunga. Aliyasema shangazi yangu Scolastika mwaka 2003, siku tuliyomzika babu kijijini kwetu, nje kidogo ya mji wa Njombe. Nilikuwepo, Nelly nimembeba mgongoni. Babu alikuwa amemwachia shangazi kinyungu chake, kile kipande cha bondeni ambako mboga huota hata kiangazi, chenye chemchemi yake. Lakini babu alipokuwa hoi kitandani, baba yangu na baba mdogo Agustino walikipanda milingoti chote, ile miti ya mikaratusi, mpaka kwenye jicho la maji. Miche ilikuwa imefika magotini. Shangazi akatoka kwenye mistari ya waombolezaji, akasema yale maneno matatu mbele ya mchungaji, akabeba jembe lake begani, akarudi kwa mume wake Kidugala.

Tangu siku ile hakuna aliyemfuata. Waliogopa. Na tangu siku ile ukoo wetu haujawahi kupata tatizo la kawaida. Kuku wakifa, laana. Mtoto akipata sifuri ya hesabu, laana, wakati kila mtu anajua daftari la hesabu lilifungia maandazi. Milingoti ikanenepa, chemchemi ikakauka, wake wa ukoo wakaanza kuomba maji kwa jirani. "Mnaona?" wakasema wakubwa, wamekaa kivulini chini ya milingoti ileile. "Mwanamke yule alikuwa na ulimi mchafu." Baba yangu alikufa akiamini hivyo.

Sasa, chini ya sehemu ya thelathini na moja, msomaji mmoja asiye na haya akaandika: "Haya ni maneno ya Bi Scolastika, nilikuwepo msibani. Ukoo huo umelaaniwa kweli." Jumatatu yake simu ikaita. Alikuwa Mzee Nikodemo wa Ipelele, baba yake Denis, mchumba wa Nelly. Zilikuwa zimebaki wiki tatu harusi ifungwe.

"Mama Nelly," akasema, "mimi ni mzee wa kanisa. Mambo ya laana siyaamini."

"Vizuri, baba."

"Ila mke wangu anayaamini. Na dada zangu. Na mimi nikisikia hawa wote wanaamini, usingizi sipati. Hatuwezi kuleta nyumbani binti wa maji ya kuomba. Laana iondolewe, tuone kwa macho. Mwaka ukiisha haijaondolewa, kila mtoto ashike njia yake."

Nelly alikuwa amesimama karibu, amesikia yote. Hakupiga kelele. Aliniangalia tu, akasema, "Mama, ulishindwa kutunga laana yako mwenyewe?" Akaingia chumbani, na kwa siku mbili hakula kitu. Jamani, niliumia. Huyu ndiye mtoto wangu pekee, nimemlea bila baba, na Denis anampenda hadi anamfulia viatu. Nami nilikuwa nimemuuza mwanangu kwa wasomaji elfu nne ambao hata asante hawasemi.

Ukoo ukaitana Njombe, sebuleni kwa baba mdogo Agustino. Kikao kilichukua saa tano, nne kati yake zikiwa za kila mtu kueleza laana ilivyomkuta yeye. Mwishoni baba mdogo akatoa hukumu: "Erica, wewe ndiwe uliyeiamsha. Kaandike sehemu ya kuiondoa."

"Kwenye hadithi?"

"Si ndiko ulikoiweka?"

Nikaandika. Wachawi wa Kipengere wakachoma ubani, Bibi Meno ya Chuma akasamehe, mvua ikanyesha, watu wakala viazi. Mzee Nikodemo akapiga tena simu. "Nimesoma. Haifai. Sehemu ya tisa uliandika mwenyewe kwamba laana huondolewa na kinywa kilichoitamka tu, kwa maji." Nilikuwa nimesahau kabisa hiyo sehemu ya tisa! Mtu wa kanisa, haamini, lakini ameikariri kuliko Katekisimu.

Na hilo la maji nalo sikulitunga. Kwetu binti haendi kwa mume kabla mkubwa wa kike wa ukoo hajamnyunyizia maji kwa kinywa chake, pu, usoni, na kumtakia heri. Mchungaji akiwepo hujifanya anatafuta miwani. Mkubwa wa kike wa ukoo wetu aliyebaki ni mmoja, naye yuko Kidugala.

Tukaenda wanne: mimi, Nelly, baba mdogo, na Mzee Nikodemo kama shahidi. Baba mdogo alibeba blanketi jipya na dumu la ulanzi. Ulanzi! Kwa mwanamke aliyeimba kwaya miaka hamsini na pombe anaijua kwa harufu tu. Nikamwuliza kama amemsahau dada yake. Akasema kwa aliyekulaani huwezi kwenda mikono mitupu. Tulipofika alisimama nje ya ua, akataka nitangulie mimi niliyemtukana mtandaoni, kwa kuwa tayari nimeshaharibikiwa.

Nilitegemea nini sijui. Alitoka mama mfupi, mnene kidogo, anakausha mikono kwa kanga.

"Kamwene," akasema.

"Kamwene, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba, Erica. Ulinifanya mrefu." Akageuka ndani. "Karibuni. Agustino, ingia, mbwa amefungwa."

Mezani kulikuwa na rundo la karatasi, maandishi makubwa, zile kopi za mwinjilisti. Nilitamani ardhi inimeze. Shangazi akatupa chai na viazi vya kuchemsha. Mzee Nikodemo alikula vitano. Baba mdogo hakugusa. Alikaa nusu ya kiti, nusu nyingine akaiachia laana.

"Yale meno ya chuma uliyatoa wapi?" shangazi akaniuliza.

"Nilitunga tu, shangazi. Nisamehe."

"Watoto wa hapa sasa wananiita hivyo. Wakiniona wanakimbia." Akamimina chai. "Mimi sikumlaani mtu. Nilisema mtapika hamtashiba, kwa sababu bila kinyungu mboga za kiangazi mngezitoa wapi? Nilisema hamtakaa kwa raha, kwa sababu nyumba ya ndugu waliodhulumiana nani anakaa kwa raha humo? Na maji, hata bwana shamba angewaambia. Mlingoti unakunywa kuliko ng'ombe. Nilikuwa nawaonya. Kwa hasira, ndiyo. Hasira ilikuwa haki yangu."

Miaka ishirini na moja ukoo mzima umefunga na kuomba dhidi ya somo la kilimo.

"Basi, mama," Mzee Nikodemo akasema, anafuta mdomo, "kama hakuna laana, si umnyunyizie tu binti, tumalize?"

Shangazi akamtazama Nelly kwa muda mrefu. Nelly akapiga magoti. "Bibi, mimi sikujui," akasema, na machozi yakamtoka. "Nimekua naambiwa nikuogope. Naomba unitakie heri."

"Nitakunyunyizia, mwanangu," shangazi akasema, sauti imemlainika. "Ila kwetu binti hunyunyiziwa maji ya nyumbani kwao. Ya chemchemi yenu. Sitatumia ya kuomba. Fungueni maji, mnipigie simu."

Hapo ndipo nilipomwona mtu akiokoka mbele ya macho yangu. Baba mdogo Agustino, aliyekaa nusu ya kiti, akasimama wima. Akaelewa kwamba kufungua maji ni kukata milingoti, na milingoti yake alishaiona nguzo za umeme.

"Dada," akasema, "haya mambo ya laana ni ushirikina. Sisi ni Walutheri."

Nilicheka mpaka chai ikanitoka puani. Kumbe imani ilikuwa karibu hivyo! Shangazi hakucheka. Alinigeukia mimi, akaniuliza kwa upole, "Erica, kwenye hadithi yako, baada ya yule bibi kuondoka makaburini, kuna mtu yeyote alikwenda kumsalimia? Nimesoma zote. Sijaona."

Kicheko kikakatika. Kutoka dukani kwangu mpaka Kidugala ni mwendo mfupi wa gari. Nimepita njia ile mara ngapi? Nilimtumia shangazi yangu kupata wasomaji, sikumpelekea hata kilo ya sukari.

Ile milingoti ya juu, iliyozunguka jicho la maji lenyewe, ilikuwa ya baba yangu, na baba alikuwa ameniachia mimi. Ilishavunwa mara moja ikachipua upya, nami niliitunza. Mwaka uliofuata ndiyo ingenichapishia Chuo cha Kipengere kiwe kitabu chenye jalada. Hivyo nisijifanye bora kuliko baba mdogo. Usiku ule sikulala, na asubuhi bado nilikuwa natafuta sababu ya kuiacha. Kisha nikamsikia Nelly uani anamwambia Denis kwenye simu asimsubiri, mama yake ana mipango yake. Nikavaa viatu.

Tulikata Julai. Haikufikia kipimo cha nguzo, ikaenda kuwa kuni za kuchomea matofali. Visiki tuling'oa mimi, Nelly na Denis, ambaye baba yake alimkataza kuja na ambaye alikuja. Agosti vumbi. Septemba vumbi. Oktoba baba mdogo alipita akatuuliza kama tumeona maji au bado tunaangalia shimo. Novemba mvua zikaanza, na wiki ya kwanza ya Desemba Nelly akapiga kelele bondeni. Palikuwa na maji ya kujaa viganja viwili, rangi ya chai ya maziwa.

Shangazi alishuka kilima mwenyewe, akishika bega langu. Ilikuwa mara ya kwanza kukanyaga pale tangu msiba. Aliinama, akayachota, akayaweka kinywani na tope lake lote, na kulia analia. Akamnyunyizia Nelly usoni. "Uzae, ushibe, na usiombe maji ya mtu." Kisha, bila kuniambia, akachota tena akaninyunyizia na mimi. Mzee Nikodemo akapiga picha kuwapelekea dada zake. Harusi ikapangwa Jumamosi ya kabla ya Krismasi.

Ningeweza kuishia hapo, wasomaji wangu wangependa. Lakini nilikuwa kwenye hiyo harusi, ukumbini Makambako, na niliona. Nilimweka shangazi meza ya mbele. Benchi lake lilikuwa la watu sita. Alikaa peke yake. Ndugu zangu walimpa mkono kwa ncha za vidole, wakaenda kunawa. Baba mdogo, yule Mlutheri, alihamia meza ya mwisho kabisa. Watoto walichungulia nyuma ya mapazia na kunong'ona, "Ndiye. Ndiye Bibi Meno ya Chuma. Subiri acheke, utayaona." Jina lile hawakulipata kwa babu zao. Walilipata kwangu.

Nikabeba sahani yangu nikaenda kukaa kwenye benchi lake.

"Watakusema," akaniambia.

"Waache waseme, shangazi."

Tukala pilau. Baada ya muda nikamwambia nilichokuwa nakionea aibu: kwamba nilikuwa nimeandika sehemu mpya, isiyo na meno wala macho mekundu. Bibi mfupi aliyenyang'anywa shamba, anayeimba kwaya na kulima mboga. Sikutunga kitu. "Ile ya laana wamesoma elfu nne," nikasema. "Hii wamesoma watu tisa."

Shangazi akachagua kipande cha nyama laini, akakiweka kwenye sahani yangu.

"Wanane," akasema. "Kwa simu ya mwinjilisti, mimi nimeisoma mara mbili."