Mtu Asiyevuka Lango

Verna Ostrander alianza kukasirika kabla gari halijafika mjini Boise, jimboni Idaho. Njia nzima kutoka milimani, mumewe Merle alikuwa akiendesha huku akinong'ona maneno aliyofundishwa, kama mtoto anayeogopa kusahau sala mbele ya mwalimu.

"Mshahara si mapato," alisema kwa mara nyingine. "Mimi natoa jasho, bosi anatoa pesa. Tumebadilishana. Hakuna aliyepata faida, kwa hiyo hakuna kodi."

"Kama hukupata faida, hayo mafuta tuliyotia asubuhi umeyanunua kwa kitu gani? Kwa jasho?"

"Usianze, Verna."

"Mimi nianze? Ulianza wewe, siku ile uliyokwenda kumsikiliza Blaylock."

Merle alikuwa dereva wa lori la magogo, na kwa miaka mingi alilipa kodi kama watu wengine, kwa kunung'unika na kusahau. Kisha rafiki yake akampeleka kwenye ukumbi wa wakulima, ambako kila Jumamosi Curtis Blaylock alisimama na shati lake lililonyooshwa pasi akaeleza kwamba hakuna sheria inayomlazimisha mtu huru kulipa kodi ya mapato. Sauti yake ilikuwa tamu, na aliuza bahasha zilizojaa makaratasi ya kupeleka mahakamani. Merle alinunua. Mwaka uliofuata akaandika sifuri kila mahali kwenye fomu ya kodi, akamletea mkewe jikoni atie sahihi, kwa kuwa wao wawili walikuwa wakijaza fomu moja pamoja. Viazi vilikuwa vinachemka, Verna akatia sahihi. Serikali ilipodai, Merle akafungua kesi kwa makaratasi ya Blaylock, na jina la Verna likaandikwa hapo chini ya lake.

Laiti ingekuwa ni ujinga wa Merle peke yake, Verna angemcheka yaishe. Lakini kulikuwa na nyumba ya mama yake. Bi Opal, bibi wa miaka tisini, alikuwa amelala chumba cha chini akimtambua Verna siku moja na siku nyingine hamtambui, na nyumba hiyo alikwisha kumwandikia Verna. Deni la kodi la watu waliojaza pamoja linaweza kufuata mali ya yeyote kati yao. Kodi yenyewe wangeweza kuilipa kidogo kidogo. Faini juu yake wasingeiweza, na nyumba ingekwenda.

Na faini ilikuwa imekwisha kutajwa. Jaji alikuwa amewaandikia waziwazi kwamba hoja hizi ni za upuuzi, mahakama zimechoka kuzikataa, na kwamba mtu akizirudia tena sheria inamruhusu jaji kumtoza hadi dola elfu ishirini na tano. Merle aliichukua barua ile akampelekea Blaylock. Blaylock akaisoma, akacheka. "Ndugu yangu, wameanza kuogopa," akasema. Verna alipoelezwa hivyo mezani, uma ulimponyoka mkononi kwa hasira.

Wakili wa serikali, mwanamke kijana aitwaye Joyce Nakagawa, aliwakuta kwenye korido nje ya chumba cha mahakama. Hakuwa na makuu. "Mzee, bado hujachelewa," alimwambia Merle. "Acheni hizi hoja, tukubaliane kodi, mlipe kwa awamu. Faini sitaiomba. Lakini ukisimama mle ndani ukasema yale yale, itabidi niiombe."

"Mimi sina mkataba na wewe," alijibu Merle kama alivyofundishwa, macho kwenye dari.

"Na wewe, mama? Kila mmoja wenu anaweza kujisemea."

"Tuko pamoja," Merle akadakia, akamshika Verna mkono wakaingia.

Blaylock alikuwa ameketi mstari wa nyuma, amevaa koti. Wanaume kadhaa wa ukumbi wa wakulima walikuwa wamejipanga kando yake, na Merle alipowaona kifua kilimjaa. Akamnong'oneza Verna, "Umeona? Amekuja kunisimamia."

Chumba kiligawanywa na kizuizi cha mbao kinachofika kiunoni, katikati yake lango dogo la kusukuma. Huku waliketi watu, kule zilikuwapo meza za mawakili na kiti cha jaji. Hilo lango ndilo lilikuwa kitovu cha mafundisho yote ya Blaylock. Mtu akilivuka, alisema, amekubali kuwa chini ya mahakama, sawa na aliyepanda meli akawa chini ya nahodha. Asipolivuka hawana la kumfanya. Na bendera yenye nyuzi za dhahabu pembeni, iliyosimama kando ya kiti cha jaji, ndiyo ushahidi: ni mahakama ya bahari.

"Bahari iko wapi Idaho?" Verna aliwahi kuuliza.

Jaji aliingia, mwanamke wa makamo mwenye miwani, na karani akaanza kuita kesi kwa mpangilio wa majina. Waliokubaliana na serikali walisogea, wakasema hivyo, wakaondoka. Karani akageuza karatasi.

"Blaylock, Curtis."

Verna alidhani amesikia vibaya. Lakini Blaylock aliinuka, akafunga vifungo vya koti, akapita ubavuni mwao. Alipomfikia Merle alipunguza mwendo, akamwambia chini chini, "Ni mkakati, ndugu yangu. Tulia." Kisha akasukuma lango kwa kidole kimoja, akaingia.

"Tumekwisha kuafikiana, Mheshimiwa," alisema kwa ile ile sauti tamu. "Nimetia sahihi. Nakubali kodi yote."

Jaji alimshukuru. Blaylock akatoka kwa lango lile lile, akapita katikati ya wanafunzi wake bila kumtazama mtu, akaenda zake nje.

Damu ilimpanda Verna kichwani. Miaka mitatu ya Jumamosi na bahasha, mama yake amelala kitandani hajui kwamba paa lililo juu yake limewekwa rehani ya maneno ya mwanamume huyu, naye kumbe anajua vizuri jinsi lango linavyofunguka.

"Umeona?" alimwambia Merle. "Umeona kwa macho yako?"

"Mkakati," alisema Merle. "Amesema ni mkakati."

"Merle, nakuomba. Si kwa ajili yangu. Kwa ajili ya yule bibi."

Wanaume wa ukumbi wa wakulima walikuwa wanamtazama Merle. Verna aliona jinsi mumewe alivyonyoosha mgongo kwa ajili yao, akajua amempoteza.

"Ostrander, Merle na Verna."

Merle alikwenda mpaka kwenye kizuizi, akasimama viatu vyake vikikaribia kugusa mbao. "Nipo, ila sivuki," alisema.

"Bwana Ostrander, nakusikia vizuri hata ukiwa hapo," alisema jaji. "Nilikuandikia. Kuna jambo lolote jipya unalotaka kuniambia kuhusu kodi yako? Risiti, makato, hesabu iliyokosewa? Nitakusikiliza siku nzima."

"Mshahara si mapato," alisema Merle.

Jaji alivua miwani. "Nakuuliza kwa mara ya mwisho. Unaiacha hoja hiyo?"

Merle aligeuka kutazama mstari wa nyuma. Kiti cha Blaylock kilikuwa kitupu. Akarudisha uso mbele akaikariri hotuba yote, jasho na pesa na meli na nahodha, mpaka mwisho.

Kabla hajamaliza, Verna alikuwa amekwisha kusukuma lango. Alisikia Merle akisema, "Verna, rudi," hakugeuka. Alikwenda kusimama kwenye meza karibu na Bi Nakagawa, na alipofungua kinywa sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka.

"Mimi ni Verna Ostrander. Hoja hizo si zangu, Mheshimiwa. Mshahara wa mume wangu tuliula na mimi niliupika. Nakubali kodi, nitalipa kwa awamu. Lakini kwa haya anayosema huyu, mimi simo."

Jaji aliandika. Mke akubaliane na serikali leo hii. Mume atozwe faini ya dola elfu nane, yake peke yake, kwa kuipotezea mahakama muda kwa hoja za upuuzi baada ya kuonywa. Karani akaita jina lililofuata.

Nje, kwenye korido, Blaylock, aliyekuwa amesikiliza yote mlangoni, alikuwa anamsubiri Merle mikono wazi.

"Ndugu yangu! Leo umesimama kiume. Faini hiyo ni medali. Jumamosi njoo mbele ya watu, uwasimulie. Wanahitaji kumwona mtu ambaye hakuvuka."

Verna alifungua mdomo amrarue, lakini Merle alitangulia. Alikuwa anaongea polepole, kama mtu anayebeba kitu kizito.

"Nisimulie yote?"

"Yote, bila kuficha."

"Na kwamba uliitwa kabla yangu, ukavuka, ukakubali kodi yote?"

Blaylock alitabasamu, akatazama kushoto na kulia. "Hilo watu hawawezi kulielewa, Merle."

"Na mimi sikulielewa. Mbona hukuniambia? Nimekaa na wewe miaka mitatu."

"Hukuniuliza," alisema Blaylock. Akampiga piga begani, akaenda kwenye ngazi.

Merle aliketi kwenye benchi la ukutani. Mikono iliyogeuza lori barafuni maisha yake yote akaificha katikati ya magoti. Verna alisimama mbele yake. Huruma ilikuwapo, mahali fulani chini, lakini hakuwa na nafasi nayo bado. Aliwaza wale wanaume waliobaki mle ndani, na wake zao majumbani wanaoletewa karatasi za kutia sahihi viazi vikichemka.

"Inuka," alisema. "Jumamosi tutakwenda kwenye ukumbi wa wakulima, wote wawili. Wewe utasimulia yote kama alivyokuambia."

"Watanicheka, Verna."

"Watakucheka sana. Ukifika kwenye jina lake ukanyamaza, nitamalizia mimi."