Kiwango cha Chini

Nyumba ya Fundi Lifti ilianza kushuka Jumamosi moja asubuhi, mkewe akipiga pasi mikunjo ya sketi ya mteja. Alikuwa ameisimamisha pasi, akachukua simu, akalipia kadi ya mkopo kile ambacho benki inakiita kiwango cha chini, akairudisha simu mfukoni. Sakafu ikashuka. Haikutikisika hata kidogo. Chai kwenye kikombe ilipanda ukingoni, ikatulia. Alimaliza kwanza mkunjo aliouanza, maana mkunjo ukiachwa nusu haushiki tena, ndipo akatoka nje kutazama. Kizingiti cha mlango, kilichokuwa juu ya uwanja kwa kidato kimoja, sasa kilikuwa sawa na mchanga.

Mtaani walimwita Mama Vipimo. Futi ya ushonaji haikutoka shingoni mwake mpaka aende kulala, na hakuweza kuzungumza na mtu bila kumkadiria kiuno. Akaivua, akapima, akamwita mumewe.

Fundi Lifti alikuja na pimamaji yake ya kazini. Aliilaza sakafuni sebuleni, jikoni na chumbani kwa mama yake, ambaye wote walimwita Bibi, na kila mahali kiputo cha hewa kikakaa katikati. Akaridhika. Miaka yote alikuwa ametengeneza lifti za majengo ya ofisi, na fundi wa kweli hufurahia kazi safi hata kama ni ya mwingine.

"Inashuka sawasawa," alisema. "Hakuna upande uliolala."

"Nimekuuliza kwa nini inashuka."

"Haianguki, mke wangu. Inashuka. Hivyo ni vitu viwili."

Kampuni yake ilikuwa imefungwa, na mafundi wakapewa kiinua mgongo ambacho, tuseme ukweli, hakikuinua hata bega. Kilipokwisha, wakaanza kutumia kadi. Ilikuwa kadi ya dharura, ila dharura nazo zikazoea kuja kila siku: mkate, umeme, ada ya binti yao, dawa za Bibi. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hawa harusi yenyewe waliila kwa unga na sabuni ya kufulia. Siku ya kuchukua kadi, dada mmoja wa benki mwenye kucha nzuri aliwaeleza kwamba mwezi ukiwa mgumu si lazima kulipa yote, kuna kiwango cha chini. Mama Vipimo akacheka, akajibu, "Sisi si watu wa makuu, mwanangu. Cha chini kinatutosha." Yule dada hakucheka. Alimtazama kama mtu anayetaka kusema neno, kisha akamwita mteja mwingine.

Basi wakawa wanalipa cha chini, na nyumba inashuka. Mwezi ambao binti aliugua hawakulipa kitu, na nyumba ikateremka kwa mkupuo mmoja mpaka mlango ukafukiwa nusu, sahani mbili zikavunjika. Mwezi mwingine Mama Vipimo alipata kazi ya kushona sare za shule nzima. Alishona mpaka vidole vikamvimba, akalipa mara tatu ya cha chini, na nyumba ikapanda upana wa vidole viwili. Walisimama sebuleni wameshikana mikono, wakisikia mchanga ukipukutika ukutani. Kumbe shule hainunui sare kila mwezi. Mwezi uliofuata vile vidole viwili vilirudi chini, pamoja na vingine.

Majirani walikuja kutazama, wakatoa pole, wakarudi kwao. Aliyewahi kuona nyumba ikizama hakai sana, asije akaombwa kitu. Watu wa manispaa walikuja kuweka alama ya rangi nyeupe kwenye pembe za paa, mtu asijigonge.

Mwenyewe Mama Vipimo angeizoea hali hii. Mtu huzoea. Kilichomnyima raha ni Bibi.

Bibi alikuwa mama mzazi wa Fundi Lifti, na mguu wake mmoja ulikuwa na goti lisilokunjika vizuri. Dawa zilisaidia kidogo. Kilichosaidia hasa ni jua la asubuhi. Kila siku alikaa kizingitini, akapandisha nguo mpaka gotini, akaliota mpaka mguu ukalegea, ndipo akaweza kutembea siku nzima. Mama Vipimo aliolewa katika nyumba hii hajui hata kutia uzi kwenye sindano, na ni Bibi aliyemfundisha, kwenye cherehani hiihii, bila kumpigia kelele hata siku moja. Watu husema mkwe ni mkwe tu. Mama Vipimo alimpenda mama mkwe wake kuliko alivyompenda mumewe siku nyingine, na hakuona haya kulisema. Alikuwa amemwahidi kwamba jua halitamkosa.

Sasa mlango ulifunguka kwenye udongo. Waliingia na kutoka kwa dirisha, kwa ngazi waliyoinunua kwa kadi. Binti alipanda na mkoba wake wa shule mgongoni, Fundi Lifti akapanda kwenda kutafuta kazi na kushuka bila kazi, wateja wakateremsha nguo zao kwa kamba. Bibi hakuweza ngazi. Jua lilimfuata ndani kupitia dirishani, likamwekea kipande sakafuni, naye akawa anasogeza kiti kukifuata. Kipande kikawa na ukubwa wa kanga, halafu wa leso, halafu kikawa chembamba kama upindo. Asubuhi moja hakikuja. Bibi alikaa pale mpaka adhuhuri amelipandishia nguo giza, kisha akaomba ashikwe mkono aende kulala.

"Aliye juu mngoje chini," alimwambia mkwewe, aliyekuwa akimfunika mguu. "Sisi tumetangulia tu kumngojea."

Mama Vipimo alicheka kwa ajili yake, akaenda kulia jikoni.

Mtu wa benki alikuja katikati ya wiki. Mama Vipimo aliviona viatu vyake kwanza, kwa sababu kutoka kwenye cherehani sasa aliwajua watu kwa viatu. Vilikuwa vimeng'arishwa vizuri juu na kulika kisigino upande mmoja. Mwenye viatu akachuchumaa, akabisha hodi kwenye kioo, akakaribishwa, akaketi kwenye fremu ya dirisha miguu ikining'inia ndani. Alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, na alikataa chai mara moja tu.

"Nimekuja kuwapongeza," alisema. "Nyinyi ni wateja wazuri. Ukitoa mwezi ule mmoja, mmelipa kila mara. Benki imeamua kuwaongezea kikomo cha mkopo."

"Tunashuka, kaka yangu."

"Naona. Mnashuka vizuri." Alitazama dari na kuta. "Haina hata ufa."

"Ni sawasawa kabisa," Fundi Lifti alisema. "Niliipima."

"Na nyinyi huko kwenu?" Mama Vipimo akauliza.

"Sisi tunakaa ghorofa ya tatu. Siku hizi naingia moja kwa moja kutoka barabarani. Jengo zima lina kadi." Alipuliza chai. "Wazee wanapenda. Hakuna ngazi."

Mama Vipimo aliweka chini sindano. "Hebu niambie ukweli. Hiki kiwango cha chini, chini kwenyewe ni wapi?"

Mtu wa benki alifikiri kweli. Uso wake ulionyesha kwamba hakuwahi kuulizwa, na kwamba angependa kumjibu mwanamke huyu vizuri.

"Hakuna, mama. Kingekuwa na mahali pa kuishia, tungekiita mwisho."

Akamaliza chai, akashukuru, akavuta miguu yake juu. Mama Vipimo alitazama vile visigino vikiondoka, akaumia moyo kwa ajili ya yule mtu pia, kisha akaumia zaidi kwa ajili yake mwenyewe. Alikuwa amejua jibu tangu zamani. Alichotaka ni mtu mwingine alijue pamoja naye.

Usiku ule hawakubishana. Kikomo kilikuwa kimeongezwa, na Bibi alikuwa amelala mchana mzima. Asubuhi Fundi Lifti alikwenda dukani na kadi, akarudi na kapi mbili, nguzo za chuma na kamba nene. Alisimika nguzo juu uwanjani, akatoa bati moja la paa, akatoboa dari, akakifunga kiti cha Bibi kwa mishipi ya begi kuukuu, akatia breki, akaijaribu breki kwa gunia la mchanga, kisha kwa mkewe. Alifanya kazi akipiga mluzi. Tangu kampuni ifungwe hakuna aliyemsikia akipiga mluzi.

"Mama, haianguki hii," alimwambia Bibi.

"Najua. Inashuka."

"Hii inapanda."

Bibi akapanda. Alipita kwenye dari, akapita kwenye paa, akafika juani, akapandisha nguo mpaka gotini. Ndipo alipouona mtaa. Kulia na kushoto mapaa yalikuwa yamelala chini kama sinia, na juu ya matundu yake walikaa wazee wengine, huyu kwenye kiti cha plastiki, yule kwenye beseni, mwingine kwenye mlango uliong'olewa, kila mmoja na kamba yake.

"Mmeshukaje huko?" mzee wa jirani alimsalimia.

"Tumeshuka salama," Bibi alijibu. "Sijui nyinyi."

"Salama tu. Jua lipo."

Ikawa hivyo kila asubuhi. Goti likalegea. Bibi akarudi kutembea ndani ya nyumba na kukosoa mishono, na Mama Vipimo akaona ameitimiza ahadi yake. Alifurahi. Lazima isemwe kwamba alifurahi.

Jumamosi ya kulipa ilipofika, aliisimamisha pasi chini ya balbu, akakishika kikombe cha chai kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili. Akainua uso kuelekea kwenye tundu la dari.

"Mama, jishike."

Akabonyeza. Sakafu ikashuka. Fundi Lifti, aliyekuwa amesimama tayari kwenye ndoano ya kufungia kamba, alilegeza kamba kwa kadiri ileile, ili kiti kisije kikavutwa kwenye kapi. Kisha akatazama kamba iliyobaki sakafuni.

"Imebaki ya kushukia mara moja tu," alisema.

"Nunua nyingine."

"Kwa kadi?"

Mama Vipimo alikuwa ameshachukua pasi. Alinyoosha mkunjo kwa kidole, akaukandamiza mpaka mwisho.

"Kwa kadi," alisema. "Nunua ndefu."

Kutoka juu Bibi aliwaambia kwamba jua la leo ni zuri. Sauti yake ilichelewa kidogo kufika.