Mama wa Ndani Hajasema Turudi

Haya niliyasikia kwa Nasimiyu, mwaka wa tisini na nane, tukipukuchua mahindi nyumbani kwangu, njia ya kwenda Kwanza. Alikuwa na miezi minne tangu amzike mumewe, na alisimulia polepole, kama mtu anayehesabu punje.

Mama yake, Lenah, alikuwa mfagiaji kwenye kinu cha unga cha Mohanlal pale Kitale. Asubuhi ya msiba huo alifanya kama kila siku: akafagia ngazi, akapanguza vumbi la unga mezani, kisha akasimama mbele ya sanduku la moyo. Lilikuwa ukutani nje ya ofisi, la plastiki, kubwa kama redio. Bhagwanti, dada ya mzee Mohanlal, alilituma kutoka ng'ambo baada ya mzee kuanguka kwenye zile ngazi na kufa kabla gari halijawashwa. Ndani mlikuwa na umeme wa kugutusha moyo uliosimama, na sauti ya mwanamke ya kutoa amri kwa Kiingereza. Wapakiaji walimwita Mama wa Ndani. Wakipita hapo walishusha sauti, hata wale wa matusi.

Mwalimu wa kulitumia alikuja siku moja tu. Kagwe, meneja, alikataa kusimamisha vibarua, basi akafundishwa Lenah peke yake. Wengine waliambiwa neno moja mlangoni: Mama akisema kaeni mbali, kaeni mbali, umeme unaua.

Kazi ya Lenah ilikuwa kuangalia taa ndogo ya sanduku. Ikiwa ya kijani, anatia tiki kwenye daftari. Sasa ilikuwa siku ya kumi na tisa taa ni nyekundu, na sanduku lilikuwa likilia lenyewe, twii, kama kifaranga kilichoachwa na mama yake.

"Bwana Kagwe, betri inaisha. Leo milio imeachana kuliko jana."

"Mama Nasimiyu, si nilikwambia betri inatoka Nairobi? Weka tiki. Afisa wa usalama anakuja saa nne."

"Na mtu akianguka?"

"Aanguke kwa nini, bana? Hapa ni hospitali?"

Lenah akaweka tiki. Afisa akaja, akasoma tiki zote, hakuinua macho kwenye taa. Sanduku likalia, twii.

"Ni nini hiyo?"

"Panya," Kagwe akasema. Wakacheka wote wawili, na afisa akaondoka na pakiti kumi na mbili za unga kwenye buti ya gari.

Mkwe wa Lenah, Wakhungu, mume wa Nasimiyu, alipakia magunia kwenye kinu hicho hicho. Na kwa Wabukusu mama mkwe na mkwe hawagusani, wala hawapishani kwenye kijia kimoja. Miaka sita uwanja mmoja, hawajawahi kupeana mkono. Yeye akitokea huku na gunia, Lenah hupita kule na ufagio.

Saa sita kinu kikazimwa ghafla. Kimya kikaingia ambacho hapo ndani hakuna aliyekijua. Ndani ya kile kimya, twii.

Mtu akapiga kelele kwamba mwenzao ameanguka. Lenah akabeba sanduku mbio. Alimjua mtu kwa gambuti zake za mpira, zile zilizozibwa kwa tyubu nyekundu, kabla hajaona uso. Wakhungu alikuwa chali, midomo rangi ya jivu.

"Eliakim, mpasue shati," akamwambia mtu wa mashine, akimpa pedi mbili zenye nyaya kutoka sandukuni, yeye mwenyewe amegeuza macho pembeni. "Bandika hii hapa juu. Hiyo ingine chini ya kwapa."

Ndipo Mama wa Ndani aliposema, kwa Kiingereza chake, taratibu, bila haraka yoyote: Kaeni mbali. Msimguse mgonjwa.

Wote wakarudi nyuma. Lenah naye. Alikuja kukiri kwa binti yake kwamba alishukuru kuambiwa hivyo.

Unga ulikuwa ukitua juu ya nyusi za watu. Hakuna aliyejipanguza. Kagwe alisimama mlangoni, mikono nyuma. Wakangoja.

"Mama hajasema turudi," Eliakim akanong'ona.

Saa ya ofisini ilikuwa imetembea dakika nne Lenah alipoona ile taa ndogo haiwaki. Si kijani, si nyekundu. Wala twii haikuwa imelia tena. Akaenda, akapiga magoti, akaweka mikono yote miwili kwenye kifua kitupu cha mkwe wake.

"Mama Nasimiyu! Si huyo ni mkwe wako!" Eliakim akapaza sauti.

"Namjua."

Akabonyeza kama mwalimu alivyomwonyesha, mpaka kumi na tano, akasikiliza, akaanza tena, mpaka pikapu ikaja. Hospitalini walisema amekwisha kufa, hawakumteremsha hata.

Lenah aliporudi kinuni kuchukua leso yake, Kagwe alikuwa na daftari mkononi. "Ongeza hapa, mashine ilijaribiwa saa mbili, ikafanya kazi."

Lenah akachukua kalamu. Juu ya kila tiki, zote kumi na tisa, akaandika NYEKUNDU, kwa herufi kubwa za mtu aliyesoma kidogo.

"Umejifuta kazi mwenyewe."

"Haya."

Jua lilikuwa bado juu alipoketi mkekani kando ya Nasimiyu, kati ya wanawake waliokuja kulia. Hakuna aliyemwambia lolote la mikono yake kumgusa mkwe. Akalala papo hapo, ameinama. Mikono ikaendelea kubonyeza mkeka: mpaka kumi na tano, kisha ikatulia, kama inayosikiliza, kisha ikaanza tena. Nasimiyu akahesabu naye mara tatu. Ya nne hakuifikisha, naye akalala.