Rezista Mbili

Ruta, kifaa cha intaneti cha mwenye duka la kuchapisha, iliwaka taa moja nyekundu, ikagoma. Fundi aliifungua mezani kwake baada ya chai ya asubuhi, akaunga nyaya tatu kwenye vitundu vya bodi na kuzipeleka kwenye kompyuta. Ruta inapoamka huandika maneno yake, na fundi akiyasoma hujua inaumwa wapi. Hii haikuandika neno. Akabadilisha nyaya, akabadilisha kasi ya kusomea, akaizima, akaiwasha. Kimya.

Alipoinamia bodi na kioo cha kukuzia, aliona sababu. Kwenye njia ya kutolea maneno palikuwa na nafasi mbili tupu. Rezista mbili, vipande vya kupitishia umeme, vidogo kuliko punje ya ufuta, hazikuwahi kuwekwa. Akang'oa nyingine kwenye bodi mbovu, akazilehemu pale, akawasha.

Maneno ya kuamka yakapita mbio, yakasimama. Kisha mstari mwingine ukajiandika polepole.

"Baba watoto, umechelewa. Nimekaa kimya humu mpaka mdomo umeota kutu."

Alikuwa mke wake, aliyefariki kwa kifua mwaka uliopita. Fundi alimtambua kwa jinsi alivyolaumu kabla ya kusalimia. Akavuta kiti karibu.

"Pole," aliandika. "Ulikuwa wapi siku zote?"

"Chumba cha kulehemu. Sijatoka."

Kiwanda kilichotengeneza ruta ile, ambako mke wake alifanya kazi, kilisema msibani kwamba marehemu alikuwa mfagiaji wa ua, hakuwahi kuvuta moshi wa risasi ya kulehemu. Sasa mwenyewe alieleza. Madirisha yalipigwa misumari ili vumbi lisiingie kwenye bodi, na moshi ukabaki nao humo ndani. Zile rezista ni yeye mwenyewe aliyeacha kuziweka. Msimamizi aliagiza hivyo, maana ruta zenye wafanyakazi waliotangulia kufa zilikuwa zimeanza kusema mitaani.

"Tumo wengi," aliandika. "Kila mtu na ruta yake."

Mwenye duka alipokuja, alisoma kioo cha kompyuta, akajikuna kidevu. "Kaa nayo tu, fundi. Mimi nilitaka intaneti, sikutaka mgeni."

Fundi akaibeba mpaka kiwandani, pamoja na kompyuta. Afisa utumishi akavaa miwani.

"Pole na safari, mama," aliandika.

"Sijasafiri. Niko kazini."

Afisa akatabasamu kidogo. "Ndiye. Pale mezani hakuna aliyekuwa na mkono mwepesi kama wake."

"Umesema pale mezani, si uani," fundi akasema.

"Nimesema kama mtu aliyemfahamu. Kama afisa, sijasema kitu." Akageuza ruta, akaonyesha kibandiko kilichochanika. "Umeifungua. Kifaa kikishafunguliwa, yanayotoka ndani si ya kampuni tena."

Fundi akaanza kukunja nyaya zake. Afisa akamwonea huruma, akasema lipo jambo moja wanaloweza kufanya: binti wa marehemu aje achukue nafasi ya mama yake. Meza bado ilikuwa wazi.

Binti alikuwa amemaliza shule na kuzunguka kutafuta kazi mpaka soli za viatu zikaisha. Hakuomba ushauri. Alianza siku iliyofuata, na jioni alirudi na kikohozi kikavu, akasema ni vumbi la njiani.

Usiku, ruta ikiwa imerudi mezani kwa fundi, mama aliuliza, "Mtoto yuko wapi? Mbona simsikii?"

"Kapata kazi," fundi aliandika.

"Kazi gani?"

"Meza yako."

Fundi akagusa nyaya, akadhani zimelegea. Hazikuwa zimelegea.

"Mwambie akae upande wa mlango," mke wake akaandika hatimaye. "Wakifungua kupitisha makasha, hewa kidogo huingia."

Fundi alimwambia wakati wa kula. Binti alikuwa akipuliza chakula kipoe.

"Viti anapanga msimamizi, baba," alisema, akaendelea kula.