Kwa Watu

"Hapana," alisema Severina, nami nikaweka alama ya hapana.

Tulikuwa kwenye chumba kidogo nyuma ya wodi ya wanawake, Mbeya, mwezi wa saba, baridi ile ya kuuma masikio. Dirisha lilikuwa halifungi vizuri na ukungu ulikuwa unatuingilia ndani. Nilikuwa nimevaa sweta juu ya sweta, na mtandio juu ya yote, na bado nilitetemeka. Severina alikuwa na kanga na shati la mikono mirefu, wala hakuonekana kuisikia hiyo baridi. Nilimsomea sentensi iliyofuata. Akasema hapana.

Nilikuwa nimechoka, na si uchovu wa kulala ukaamka umeisha. Kwa miezi mingi kazi yangu ilikuwa kuwauliza watu wazima waliolazwa kwa maradhi ya akili kama walipokuwa watoto walipigwa, walitukanwa, walilala njaa. Wapo waliolia. Wapo waliocheka, na hao ndio walionichosha zaidi. Mama yangu alikuwa akinipigia simu kutoka Iringa, "Mwanakhamisi, umekula?" nami namdanganya nimekula.

Dodoso lenyewe halikuwa letu. Lilizaliwa Ulaya, likatafsiriwa Dar es Salaam na watu wenye shahada zao, kisha likaletwa huku Nyanda za Juu ili tulijaribu: je, linapima kweli kile linachodai kupima, au limevalishwa kanga tu? Njia mojawapo ya kujua ni kumuuliza mtu maswali yaleyale mara mbili, wiki mbili zikipita katikati. Majibu yakilingana, dodoso linaaminika. Ndiyo maana tulikuwa na sheria moja isiyovunjwa: soma kama ilivyoandikwa, usiongeze, usipunguze.

Mara ya kwanza Severina alijibu hapana kwa kila kitu. Daktari Fanueli, aliyeongoza utafiti na ndiye pia aliyekuwa daktari wa wodi, aliyatazama majibu yake akasema, "Huyu utoto wake ulikuwa mzuri. Ugonjwa umetoka kwingine." Alikuwa mtu mwema mwenye wagonjwa wengi kuliko vitanda, na habari njema alizipokea bila kuzikagua.

Severina alikuwa ameletwa na Mama Apolonia, mwalimu mstaafu wa Soweto, hapo hapo mjini. Mama alieleza kwamba binti ameacha kusema, na usiku anaamka kujaza maji kila ndoo, kila sufuria, hadi vikombe. Faili lilimtaja Mama Apolonia kuwa mlezi. Dawa zilimsaidia Severina, usingizi ukarudi, maneno yakarudi machache machache. Siku ile ya mahojiano ya pili ndiyo siku aliyokuwa aruhusiwe kutoka, na Mama alikuwa njiani kuja kumchukua.

Nikasoma: "Nilipokuwa ninakua, mtu wa nyumbani kwetu alinipiga hadi nikabaki na alama."

"Hapana."

Alipoinua mkono kupangusa pua, shati likateleza. Juu ya kifundo cha mkono kulikuwa na kovu pana, lenye ncha upande mmoja. Mtu yeyote aliyewahi kupiga pasi angelijua umbo lile. Nilitakiwa kwenda swali linalofuata. Labda ningekuwa na nguvu ningeifuata sheria. Lakini uchovu nao una ujeuri wake.

"Na hilo kovu, dada?"

Aliliangalia kama ninamuonyesha kitu cha mtu mwingine.

"Hii siyo ya kwetu," alisema. "Hii ya kwa watu."

Niliweka kalamu chini. Mimi ni mtoto wa Miyomboni, Iringa mjini, babu yangu alikuja Iringa na vitambaa vyake kutoka pwani, Kiswahili nimekinyonya. Kwetu ni kwetu, na kwa watu ni kwa watu, nani asiyejua? Msichana akipelekwa kufanya kazi za ndani, bibi yangu hakusema kaenda kwao kupya. Alisema, "Maskini, yuko kwa watu." Na mikoa yetu hii imetoa mabinti wangapi wa kupeleka kwa watu!

"Ulienda kwa watu ukiwa na umri gani?"

"Nilikuwa darasa la pili. Baba alikufa, shangazi akanileta huku kwa Mama Apolonia. Wewe unauliza kwetu. Kwetu hakuna mtu alinipiga. Baba hata kunichapa hajawahi."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Severina alipewa ndoo siku aliyofika. Nilimuuliza maswali yote upya, kila penye kwetu nikaweka kwa watu, naye hakusema hapana hata mara moja. Alieleza bila kulia, taratibu, akitazama dirisha. Pasi. Stoo iliyofungwa kwa nje Mama Apolonia aliposafiri. Maji aliyotakiwa kuyajaza kabla mtu yeyote hajaamka, na kilichompata siku ndoo moja ilipobaki tupu. Mengine sitayaandika hapa, aliniambia mimi tu.

Nikamuuliza, sasa kwa nini anakubali kurudi?

"Mimi sijakubali. Nesi Lea ameniuliza, unataka kwenda nyumbani? Nimesema nataka sana kwenda kwetu. Wamempigia mama."

"Si ungewaambia!"

"Nimeshasema, dada. Niseme mara ngapi?"

Nilimkuta Daktari Fanueli kwenye korido na nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Alinisikiliza huku akisaini karatasi za watu wengine, kisha akaacha kusaini.

"Mwanakhamisi, ukibadilisha swali katikati ya utafiti, majibu yote ya nyuma yanakuwa si kitu."

"Yalikuwa si kitu tangu mwanzo," nilimjibu, kwa sauti ambayo mama yangu angenifinya kwa kuitumia mbele ya mkubwa. "Na huyu anaondoka leo. Anarudishwa kulekule."

Kisha akasema, kama anajisemea, "Yule mwanamume wa Rujewa. Aliyechunga ng'ombe wa mjomba wake tangu utotoni."

"Alisema hapana zote," nikasema.

"Wote hao," akasema Daktari. "Wote hao, jamani."

Mama Apolonia alikuwa amekwisha fika. Alikaa ofisini na fimbo yake ya kutembelea, miguu imevimba, na hotpoti ya ndizi na nyama aliyomletea mgonjwa. Severina aliingia akasema shikamoo, akabaki amesimama ingawa kiti kilikuwepo. Daktari alieleza kwa upole kwamba kuna mambo ya utotoni yamejitokeza.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye, daktari," alisema Mama. "Mimi ni mwalimu. Huyu nimemlea kama wanangu niliowazaa."

"Wanao wako wapi sasa, mwalimu?"

"Mmoja Dodoma, wizarani. Mwingine ni mhandisi."

"Na Severina alisoma hadi darasa la ngapi?"

Mama alishika kifuniko cha hotpoti, akakikaza, ingawa kilikuwa kimekaza tayari. Daktari akamgeukia Severina. Sikuwahi kumsikia akimuuliza mgonjwa swali kwa woga namna ile.

"Kwenu ni wapi?"

"Kwetu Kilolo."

"Unataka kwenda huko?"

"Ndiyo."

"Na mimi?" Mama Apolonia alisema, na sauti yake ikakatika. "Na miguu hii, nani atanichotea hata maji ya kunawa?" Machozi yalikuwa ya kweli. Nilimhurumia, na kumhurumia kulinikasirisha. Severina aliinama, akamwekea fimbo vizuri mkononi, akarudi aliposimama.

Utafiti ulisimama tukaanza upya. Wafadhili walinuna. Leo dodoso letu linaanza kwa kuuliza, ulipokuwa mtoto uliishi wapi na wapi, na kwa nani, ndipo mengine yafuate. Wanafunzi wangu hapa Iringa huniuliza swali hilo tulilitoa kitabu gani. Huwa nawajibu tulilipata kwa mgonjwa, nikaishia hapo, kwa sababu nikiendelea nitawasimulia Kilolo, na Kilolo sijui kuisimulia vizuri.

Nilimpeleka Severina kwao mimi mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa ninarudi Iringa. Mtendaji wa kijiji alikuwa amempata kaka yake, Joachim, kwa simu. Njia nzima, tangu Chimala hadi tunapanda milima, Severina alishikilia mfuko wake wa dawa mapajani na kuniuliza kitu kimoja tu: kama nadhani watamjua.

Hawakumjua. Joachim alitoka shambani na udongo wa viazi mikononi, akamtazama mwanamke mzima aliyesimama uwanjani, akasema, "Kamwene," salamu ya heshima ya Kihehe ambayo hata mimi mgeni nilipewa. Severina alifungua mdomo ajibu, Kihehe kikakataa kuja. Alimjibu kwa Kiswahili cha Mbeya. Mke wa Joachim, Faustina, alimvutia kigoda, akakipangusa kwa upande wa kanga, akamwambia karibu mgeni wetu. Nilimuona Severina akilimeza neno hilo. Nami nilitamani kurudi nilikotoka, nikalale wiki nzima.

Chakula kilipoiva, Faustina aliandaa ndani, ugali kwenye sinia moja, mboga ya maboga na maharage pembeni, watoto wakajipanga kuzunguka. Tulinawa. Severina naye alinawa. Kisha akamega tonge kubwa, akaliweka kwenye kibakuli, akachota maharage kidogo, akatoka. Mlango ulikuwa wazi, tulimuona akizunguka jiko la nje na kukaa kwenye kuni, ametugeuzia mgongo, anakula haraka haraka. Hilo hakuwa ameniambia. Dodoso letu halikuwa na swali lake.

Mtoto mmoja alitaka kuuliza, mama yake akamgusa goti. Joachim alitazama mlango, mkono wake uliolowa ukimdondoshea maji kwenye suruali. Kisha akainuka, akalibeba sinia lote la ugali, akamfuata dada yake nje. Faustina akachukua mboga. Sisi wengine tukabeba vigoda.