Matairi ya Chini ya Kitanda

Siku ambayo nyumba ilianza kuwa kubwa mno ilianza kwa mzaha. Mkunga alisimama mlangoni na kikombe cha chai, akimtazama mumewe anavyolizunguka gari kama bwana harusi anayekagua suti. Matairi mawili ya nyuma yalikuwa meusi tii, yametoka kufungwa jioni iliyopita kwenye kituo cha mafuta. Vile vinywele vya mpira, ambavyo tairi huwa navyo kabla halijakanyaga barabara, vilikuwa bado vimesimama.

"Hatimaye yametoka jela," mkunga akasema.

"Si ulikuwa unalalamika yananuka? Nimeanza na ya upande wako. Ya upande wangu yatangoja."

"Yangoje nini tena? Tuzeeke?"

"Hilo tumeshalimaliza, mama. Yangoje safari nyingine."

Akacheka, akapiga honi getini, akaenda kumwona dada yake aliyekuwa mgonjwa. Jua lilipofika utosini simu ikalia. Alikuwa mdogo wa mumewe, na hakuweza kuimaliza sentensi yake. Gari lilikuwa limeyumba kwenye barabara iliyonyooka, likapinduka, likaishia mtaroni. Hapakuwa na gari jingine karibu.

Mumewe alikuwa fundi saa, na mtaa mzima ulimwita Bwana Nailoni. Kila kizuri kilichoingia nyumbani kwake kilivishwa nailoni na kuwekewa siku yake. Viti vya sebuleni vilikuwa na nailoni tangu vitoke dukani. Ukikaa vinapiga kelele, ukiinuka vinakung'ang'ania. Glasi za wageni hazikuwahi kumpata mgeni mwenye hadhi ya kutosha. Kabatini kulikuwa na mashati ambayo bado yana pini kolani. Mkunga alimtania sana, lakini naye alikuwa wa kundi hilo hilo. Wote wawili walikulia kwenye nyumba zenye uhaba, na kwao kitu kipya kilikuwa kama mgeni, hakitumwi kazi.

Matairi yale manne aliyanunua duka moja lilipokuwa linafunga biashara. Gari lilikuwa na matairi mazima wakati huo, kwa hiyo akayafunga kwa shuka kuukuu na kuyasukuma chini ya kitanda, mawili upande wake, mawili upande wa mkewe. Miaka ikapita. Walilala juu ya matairi, wakagombana na kupatana juu ya matairi, binti yao akaolewa mbali, na matairi yakabaki pale pale, mapya.

Siku za msiba watu walinong'ona kwamba marehemu alisinzia. Neno hilo lilitoka kwa shemeji yake Mkunga, yule mdogo wa marehemu, wala si kwa ubaya. Watu walikuwa wanamuuliza, na alihitaji kuwa na jibu. Mkunga alilisikia akalimeza. Yeye ndiye aliyemwamsha mumewe mapema siku ile, hata hajashiba usingizi, ili awahi kabla ya jua kali. Kama alisinzia, basi alisinzia usingizi ambao mkewe alimnyima. Hilo hakumwambia mtu.

Watu walipotawanyika, saa za ukutani, ambazo mumewe alikuwa akizitia ufunguo, zikasimama moja moja, kila moja na wakati wake. Aliendelea kupika chakula cha watu wawili na kumwaga nusu. Kitu pekee kilichobaki cha mtu yule chumbani kilikuwa harufu ya mpira. Harufu aliyoipigia kelele miaka yote sasa aliionea wivu. Hakufungua dirisha asije akaipoteza. Akijilaza, alinyoosha mkono upande wa mumewe, akaushusha chini ya kitanda mpaka vidole viguse ile shuka.

Siku moja shemeji yake akapiga hodi. Alipokaa, kiti kikapiga kelele.

"Hata leo, shemeji? Hivi viti vitanizoea lini?"

Wakacheka, lakini mwenye viti hakuwepo kujitetea.

"Nimekuja kwa yale matairi mawili ya kaka," shemeji akasema. "Jumamosi nasafiri na mke wangu na wajukuu. Yangu yamebaki upara mtupu. Na kaka aliniahidi, siku akiyachoka ni yangu."

"Hayo niachie."

"Utayafanyia nini? Gari lenyewe limeshakuwa chuma chakavu."

"Nitakaa nayo."

"Tairi si mtu wa kukaa naye, shemeji. Usiwe mkono wa birika." Mdomo ulitania, lakini macho yalikuwa yameumia. Naye alikuwa amefiwa, na hakuwa na chochote cha kaka yake cha kushika.

Mkunga akawafikiria wale watoto kwenye gari lenye matairi yaliyokwisha. Akapiga moyo konde.

"Njoo Ijumaa uyachukue," akasema.

Kabla ya Ijumaa aliyavuta nje ili ayafute vumbi. Hakutaka yatoke nyumbani machafu. Alipiga magoti uani, akalaza tairi, akaliegemea kwa goti huku akisugua. Goti lilipolemea, akaona kitu. Ndani ya mifereji, kati ya meno ya tairi, mpira ulikuwa umefunguka nyufa ndogo ndogo, kama kisigino cha mtu anayetembea peku. Akaondoa goti, nyufa zikajifunga. Akaegemea tena, zikafunguka.

Miaka mingi kwenye zahanati alikuwa na kazi moja asiyoipenda: kupitia rafu na kuondoa dawa zilizopitwa na muda. Dawa nyingi za namna hiyo hazibadiliki rangi wala sura, na ndiyo maana lazima usome tarehe. Hakuwahi kufikiri kwamba mpira nao unaweza kupitwa.

Akaenda stoo. Huko, pamoja na viatu vya mumewe, kulikuwa na kipande kirefu cha mpira ambacho shemeji alikileta na vitu vilivyookotwa barabarani siku ile. Kilikuwa kimejikunja kama ganda la chungwa. Alikuwa amekiweka bila kukitazama. Sasa akakipindua. Upande wa juu bado ulikuwa na vinywele. Upande wa chini, kingo zilikuwa zimechanika, lakini katikati palikuwa laini, kama kifuniko kilichoinuliwa kwenye sufuria.

Akalibingirisha tairi moja hadi kwa fundi wa matairi kwenye kona, kipande kikiwa kwapani.

"Mkunga umehamia kwa madereva?" mwuza duka akamtania. Akazidi kulibingirisha.

Fundi aligeuza tairi, akafuta ubavu wake kwa kidole, akasoma tarakimu za tarehe ya kutengenezwa.

"Mama, hili limezaliwa wakati mwanangu mkubwa anaota meno. Sasa ananyoa ndevu."

"Lakini halijatembea hata siku moja."

"Mpira unakauka hata ukiwa umelala. Ndani kuna tabaka, zimeshikanishwa. Zikichoka kushikana, kwa nje huoni kitu. Unalipeleka kwenye lami ya moto, unakimbia, ngozi ya juu inabanduka. Pengine hata upepo haujatoka."

Mkunga akampa kile kipande. Fundi akakitazama, akavua kofia.

"Lilikuwa la mbele au la nyuma?"

"La nyuma."

"Basi. La nyuma likibanduka, gari linajigeuza lenyewe. Dereva awe macho vipi, halimsikilizi."

Mkunga akakirudisha kile kipande kwapani. Akamwambia fundi alikate tairi hilo. Na lile jingine, fundi aje nyumbani alikate pia.

Ijumaa shemeji akaingia uani na kamba begani. Akayaona matairi, kila moja limekatwa vipande viwili.

"Umeyakata? Bora kuyakata kuliko kunipa mimi?"

"Shika hiki. Pindua."

"Sitaki kushika kitu!"

"Pindua kwanza, shemeji, ndipo ufoke."

Akakipindua. Mkunga akamweleza yote, taratibu, kama anavyoeleza ndugu za mgonjwa. Shemeji akakaa kwenye ngazi ya mlango.

"Kwa hiyo kaka hakusinzia."

"Hakusinzia."

"Na mimi ndiye niliyesema."

"Najua."

"Aliyatunza kama mboni ya jicho."

"Ndivyo."

Mkunga akakaa kando yake. Kamba ilikuwa imeanguka chini, hakuna aliyeiokota. Kisha shemeji akauliza, kwa sauti ndogo, kama basi kaka yake, akiwa macho, aliona gari linavyogeuka. Mkunga akaiinua ile kamba, akaikunja polepole.

Safari iliahirishwa mpaka shemeji alipopata matairi mengine, na kabla ya kuyafunga alikuja kumsomea Mkunga tarehe zake kwenye picha aliyoyapiga kwa simu. Walifika salama. Wajukuu ndio waliopiga simu.

Siku hizi viti vya sebuleni havina nailoni. Mkunga anakunywa chai kwa glasi ya wageni, moja tu. Nyingine ziko kabatini. Saa bado zimesimama. Dirisha la chumbani liko wazi, na harufu ya mpira haipo tena. Akifagia, ufagio unapita chini ya kitanda, pande zote mbili, hadi ukutani.